Al-Biruni: mwanachuoni aliyeuliza kabla ya kuhukumu

Kwetu Pwani kila mtu ana la kusema kuhusu dini ya mwenzake. Mwislamu atakueleza Mkristo anaabudu nini, Mkristo atakueleza Mwislamu anaamini nini, na wote wawili watakueleza wazee wa kaya wanafanya nini kule msituni, ilhali hawajawahi kwenda kuwauliza. Ndiyo maana wiki hii nimeona nimlete katika safu hii Abu Rayhan al-Biruni. Wengi tunamjua kama bingwa wa nyota na hesabu, aliyepanda mlima huko Nandana, katika Pakistan ya leo, akapima ukubwa wa dunia kwa pembe ya upeo wa macho. Hayo ni kweli, na yanamtosha kuwa mashuhuri. Mimi nampendea jingine.

Alizaliwa mwaka 973 huko Kath, katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo ndani ya Uzbekistan. Lugha ya mama yake ilikuwa ya huko kwao. Kiarabu na Kiajemi alivisomea. Akachagua kuandika elimu yake kwa Kiarabu. Alifundishwa na Abu Nasr Mansur, mwanahesabu wa ukoo wa kifalme. Alipokuwa bado kijana aliandikiana na Ibn Sina, akimuuliza maswali magumu juu ya Aristotle na kumbana pale jibu lisipomridhisha. Karibu mwaka 1000 alikwisha andika kitabu kikubwa kuhusu kalenda na sikukuu za mataifa: Wayahudi, Wakristo, Waajemi na wengineo. Kwa hiyo hamu ya kujua wengine wanaaminije ilimwanza mapema.

Kisha likaja la kuja. Mwaka 1017 mfalme wa Khwarazm aliuawa, na Sultani Mahmud wa Ghazna akaingia na jeshi akaitwaa nchi. Al-Biruni, aliyekuwa mshauri wa mfalme, alichukuliwa pamoja na mwalimu wake na wasomi wengine, akapelekwa Ghazna, kusini ya Kabul. Hakuulizwa kama anataka. Akawa mtu wa sultani, na sultani mwenyewe kazi yake kubwa ilikuwa kuivamia India mara kwa mara, kuvunja masanamu na kurudi na mali.

Uvamizi uliovuma zaidi ni wa hekalu la Somnath, huko Gujarat, kati ya mwaka 1025 na 1026. Gujarat ndiko walikotoka mababu wa majirani zetu wengi wa Kihindi hapa Mombasa. Al-Biruni anaeleza kwamba kipande kimoja cha sanamu lile kiliwekwa mbele ya mlango wa msikiti wa Ghazna ili watu wapanguse miguu. Anaeleza pia, na hili linatuhusu sisi, kwamba Somnath ilipata sifa kwa kuwa ilikuwa bandari ya mabaharia waliosafiri baina ya Sofala, katika nchi ya Zanj, na China. Yaani majahazi ya pwani hii ya Afrika yalikuwa sehemu ya habari ile.

Sasa fikiria hali yake. Ni Mwislamu, na imani yake haina shaka. Anaishi kwa mkate wa sultani anayesifiwa kila msikiti kwa kuvunja masanamu. Njia nyepesi ilikuwa kuandika kitabu cha kuwatukana Wahindi. Angelipwa na angepigiwa makofi. Yeye akakaa chini kujifunza Kisanskriti, akiwa amepita umri wa miaka arobaini. Alilalamika kuwa lugha ile ni ngumu, na akatumia fedha nyingi kutafuta vitabu na watu wa kumfafanulia. Akafasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali juu ya yoga.

Kitabu chake kuhusu India kilikamilika mwaka 1030, mwaka ule ule aliokufa Mahmud, kikiwa na milango 80. Sababu ya kukiandika anaitaja mwanzoni: alizungumza na rafiki yake mmoja msomi, wakaona kuwa vitabu vilivyokuwepo juu ya dini za watu vilinakiliana tu, huyu akichukua kwa yule, bila mwandishi kuwasikiliza wenyewe. Akaahidi kuwa chake hakitakuwa kitabu cha mabishano. Atasema wanachosema Wahindi kama wanavyokisema, hata kama ni ukafiri machoni pake, na msomaji ajihukumie.

Mlango wa pili ni juu ya Mungu. Wasomaji wake walitarajia masanamu, yeye akawaletea wasomi wa Kihindi wanaosema kwamba Mungu ni mmoja, hana mwanzo wala mwisho, hafanani na kitu. Masanamu, anasema, ni ya watu wa kawaida, ambao akili zao zinataka kitu cha kuonekana. Kisha anageuza kioo. Jambo hili, anasema, liko kwa kila umma, hata kwa Waislamu. Mwonyeshe mtu asiyesoma picha ya Mtume au ya Al-Kaaba, na kwa furaha ataibusu na kujipangusia mashavu. Kuyaandika hayo Ghazna, mji wa mvunja masanamu, kulihitaji moyo.

Akalinganisha pia. Mafundisho ya Wahindi kuhusu roho aliyaweka kando ya yale ya Wagiriki wa kale, ya Masufi na ya Wakristo. Mahali ninapopapenda zaidi ni anapozungumzia maneno. Anaonya kuwa neno linaloingia vizuri katika dini moja huchukiza katika nyingine. Kwa Kiarabu, kumwita Mungu baba ni jambo lisilokubalika katika Uislamu. Katika lugha nyingine neno hilo hilo linakaribia tu maana ya bwana. Kabla hujamlaumu mtu kwa neno, jua neno hilo kwao lina maana gani. Sisi wenyewe tuna mfano mdomoni. Neno Mungu halikuja na jahazi kutoka Arabuni. Ni la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa Wamijikenda. Wazee wetu hawakuona haya kulitumia msikitini. Anayeapa kuwa watu wa kaya hawamjui Mungu, jina lenyewe anashirikiana nao.

Sisemi kwamba alikuwa mtu wa kusifu kila kitu. Wahindi aliwaona wana majivuno, wanadhani hakuna nchi kama yao wala elimu kama yao, na matabaka yao aliyataja kuwa kikwazo kikubwa kati yao na Waislamu. Lakini hakumwachia Mahmud pia. Aliandika wazi kwamba mashambulizi yake yaliharibu ustawi wa nchi, yakawatawanya watu kama vumbi, na elimu zao zikakimbilia mbali, Kashmir na Benares, ambako mkono wa mvamizi haujafika. Chuki ya Wahindi kwa Waislamu, kwa maelezo yake, ilizidishwa na upanga huo.

Chini ya Masud, mwana wa Mahmud, alipata nafasi zaidi, akamwandikia kitabu kikubwa cha elimu ya nyota. Wasimulizi husema sultani alimpelekea mzigo wa fedha wa tembo mzima, naye akaurudisha. Akaendelea kuandika mpaka uzeeni. Alipokuwa na zaidi ya miaka sitini aliorodhesha vitabu vyake, vikapita mia moja.

Alifariki Ghazna karibu mwaka 1050. Yaqut anasimulia kwamba fakihi mmoja alikwenda kumtazama akiwa mahututi, pumzi zinamkwama. Al-Biruni akakumbuka suala moja la mirathi ambalo fakihi yule aliwahi kumtajia, akamwomba amweleze tena. Fakihi alimhurumia, akamuuliza kama hiyo ndiyo saa yake. Akajibu kuwa ni bora aiage dunia akiwa analijua suala hilo kuliko kuiaga akiwa halijui. Akaelezwa, akalikariri mpaka likakaa. Fakihi akatoka, na bado yuko njiani akasikia kilio nyuma yake.