Tartaglia na Vipeuo vya Tatu

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliotutangulia hapa Kampala, muhula huu tuliandikiwa ubaoni hesabu hii: x³ + 6x = 20. Tulijaribu namba moja moja, tukaona 2 yafaa, maana 8 na 12 ni 20. Mwalimu hakutaka kubahatisha, alitaka kanuni. Ndipo nikatafuta habari za Niccolò Tartaglia.

Alizaliwa Brescia, Italia, karibu mwaka 1500. Baba yake aliuawa yeye angali mdogo. Mwaka 1512 askari wa Kifaransa waliuteka mji. Mtoto alikuwa amekimbilia kanisani, na humo humo akakatwa taya kwa upanga. Fedha ya mganga haikuwapo, mama akamwuguza mwenyewe. Alipona, lakini maneno yakawa yanamkwama, na watu wakamwita Tartaglia, yaani mwenye kigugumizi. Ada ya mwalimu ilikwisha kabla hajamaliza alfabeti. Mengine yote alijifundisha. (Sisi wenye taa na vitabu tunyamaze.)

Siku zile wenye hesabu walishindana hadharani, na kanuni nzuri ilifichwa kama fedha. Mwaka 1535 Fior, aliyerithi siri ya mwalimu wake del Ferro wa Bologna, alimpa Tartaglia maswali 30, yote ya namna hii yetu. Siku chache kabla ya shindano Tartaglia aliivumbua kanuni mwenyewe, akayamaliza yote kwa muda usiotimia saa mbili.

Mwaka 1539 Cardano wa Milan alimbembeleza, akaapa kutoitangaza, akaambiwa. Mwaka 1545 akaichapa kitabuni. Ni kweli alimtaja mwenyewe, tena alikuwa amegundua kwamba del Ferro alitangulia. Hata hivyo naona maskini yule alinyang'anywa riziki yake. Alifariki Venezia mwaka 1557, kinyongo hakijamtoka.

Sasa tazameni jibu ambalo kanuni hutoa:

∛(√108 + 10) − ∛(√108 − 10)

Nani ataitambua 2 humo? Nilikaa nalo jioni tatu. Kwanza √108 ni 6√3. Kisha zidisheni (√3 + 1)(√3 + 1)(√3 + 1): mtapata 6√3 + 10 barabara. Nayo (√3 − 1), ikizidishwa vivyo hivyo, hutoa 6√3 − 10. Basi vipeuo vyaondoka, yabaki (√3 + 1) − (√3 − 1), ndiyo 2. Nilipiga meza kwa furaha, na kiranja akaandika jina langu.