Maisha ya Siti binti Saad, Aliyeitambua Kazi Yake

Ni desturi ya kijitabu hiki, baada ya hesabu ya michango, mikopo na mazishi, kuwawekea wanachama maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Mwaka huu tumemchagua Siti binti Saad wa Unguja. Wamo miongoni mwa wazee wetu wa Pumwani na Kaloleni waliolisikia jina lake utotoni vinywani mwa wazazi wao, nao watafurahi kulisikia tena. Lakini hatukumchagua kwa ajili ya nyimbo peke yake. Swali lililoletwa mbele ya kamati mara nyingi kuliko yote mwaka huu ni hili: mtu mwenye akiba ndogo na achague biashara gani? Tumeona kwamba maisha ya mama huyu yana jibu.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake asili ya Uzigua. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa, kwa maana zama zile utumwa ulikuwa haujafutwa kisiwani. Ulifutwa mwaka 1897. Hilo la Siti alikuja kulipata baadaye, nalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Hakubahatika kusoma chuoni wala skuli. Jamaa zake waliishi kwa kulima na kufinyanga vyungu, naye akalelewa katika kazi hizo hizo, kama walivyolelewa watoto wote wa hali yake.

Alipokuwa mkubwa kazi yake ilikuwa kuchukua vyungu na kwenda kuviuza. Alitembea kwa miguu kutoka shamba mpaka mjini, mzigo kichwani, akiita wanunuzi njiani kwa sauti. Hapa ndipo tunapowaomba wanachama watulie kidogo. Wachuuzi wa vyungu walikuwa wengi, na vyungu vya Fumba havikuwa na ajabu iliyovipita vya wengine. Ajabu ilikuwa sauti. Yasimuliwa kwamba watu waliisikia kutoka mbali wakajua ni nani ajaye, na wengine wakatoka nje kuisikiliza hata kama hawakuwa na haja ya chungu. Basi mali yake kubwa ilikuwa imo ndani ya kazi aliyokuwa akiifanya kila siku, wala haikuwa ile aliyoichukua kichwani.

Mwaka 1911 aliliacha shamba akahamia mjini. Hatua hiyo haikuwa nyepesi kwa mwanamke maskini asiyejua kusoma wala kuandika. Huko alikutana na Bwana Muhsin Ali, mtu wa muziki, ambaye aliipenda sauti yake akajitolea kumfundisha. Siti alikubali kuwa mwanafunzi hali alikuwa mtu mzima mwenye miaka kama 30. Akajifunza kuimba kwa kufuata ala, na kuyatamka maneno ya Kiarabu, kwa sababu taarab ya wakati ule, iliyoingia katika jumba la Sultani tangu enzi ya Seyyid Barghash, iliimbwa kwa Kiarabu. Tena ilikuwa kazi ya wanaume. Chama cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume watupu.

Kipawa bila mafunzo ni kama shamba zuri lisilolimwa. Siti alilima. Wala hakufanya kazi peke yake: alishirikiana na wapiga ala na watunzi hodari, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Maalim Shaaban na Mbaruk. Kila mmoja alileta alichokijua, na yeye akaleta sauti. Wakaalikwa katika harusi, katika nyumba za matajiri na katika jumba la Sultani.

Kisha akafanya jambo lililomtenga na waimbaji waliomtangulia. Aliimba kwa Kiswahili, lugha aliyoifahamu tangu utotoni, na akaimba mambo ambayo watu wa kawaida waliyaona kwa macho yao: mapenzi, dhuluma, mashauri ya mahakamani. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mwanamke aliyeuawa na hukumu iliyowashangaza watu. Kwa hiyo mtu wa mtaa wa Ng'ambo, ambaye hakuelewa Kiarabu cha jumbani, aliyasikia maisha yake mwenyewe yakiimbwa.

Hasidi hakosekani palipo na mafanikio. Wapinzani walimtungia nyimbo za kumkumbusha ushamba wake, umaskini wake na sura yake. Siti hakurudi kwenye vyungu kwa aibu, wala hakujifanya mtoto wa ukoo mkubwa. Aliwajibu kwa wimbo uliosema kwamba akili humpandisha mtu kuliko uzuri na nasaba.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, Uhindi, kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo zilienea katika pwani yote ya Afrika Mashariki na kuingia bara, na sauti iliyokuwa ikiuza vyungu barabarani ikasikika katika miji ambayo mwenyewe hakuikanyaga. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, aliyemwona muda mfupi kabla ya kifo chake, alimwandikia wasifu. Na chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita gazeti lake Sauti ya Siti.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Tunakiri kwamba kamati imekosea. Mwanachama alipoomba mkopo tulimwuliza wadhamini wake ni nani na atalipa lini, basi. Mmoja wetu alifungua kibanda cha mboga kwa kuwa jirani yake alifanikiwa kwa mboga. Hakupenda kuamkia sokoni alfajiri, na bei hakuzijua. Kibanda kikafungwa kabla ya miezi sita, na deni lingali linamwandama. Na muda wote huo, kila jioni, watu walikuwa wakibisha mlangoni pake na redio na pasi zilizoharibika, naye akiwatengenezea kwa shukrani tu. Yeye hakuiona kazi yake, nasi hatukumwonyesha.

Hatusemi kwamba kila mwenye kipawa atakuwa Siti, wala kwamba kupenda kazi kunatosha pasipo hesabu. Twasema tu kwamba sauti ile ilitambuliwa, ikafunzwa, ikapata washirika, na ndipo ikaleta riziki. Kwa hiyo kamati imekata shauri kwamba tangu sasa kila mwombaji wa mkopo ataulizwa swali jipya kabla ya yale ya zamani: ni jambo gani ambalo watu hukujia wewe, hata pasipo kuwaita? Tunawaomba wazee wetu na wanachama wote waanze kulifikiri nyumbani.