Kikale cha Kiongozi: Gor Mahia

Ukitakiwa kueleza kikale cha kiongozi, usikimbilie Fumo Liyongo tu. Nenda Kanyamwa, Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Huko aliishi Gor mwana wa Ogada, mganga na kiongozi aliyesifika kote Nyanza Kusini, hadi Migori. Watu walimwita Gor Mahia, yaani Gor wa maajabu. Waingereza walipoingia, walimtambua kuwa chifu.

Simulizi hueleza kwamba alijigeuza. Maafisa wa serikali walimfuata chifu, wakamkuta mwanamke, au mtoto, au kikongwe asiyejua lolote. Hapa unamwona mjanja, ndugu yake Sungura wa ngano. Lakini ukitaja jina la kikale ukanyamaza, hujajibu swali. Uliza kwa nini wasimulizi walimpa sifa hiyo. Chifu wa enzi ile alidaiwa kodi na vibarua na serikali, huku watu wake wakitaka awakinge. Kugeuka sura kunamwonyesha akikwepa pasipo kupigana wala kutii. Je, alikuwa mlinzi au mtumishi wa wakoloni? Tetea upande mmoja kwa hoja.

Mlinganishe na Luanda Magere wa Kano, aliyeuawa baada ya siri ya kivuli chake kufichuliwa na mkewe. Siri ya Magere ilimwangamiza. Ya Gor ilimhifadhi. Alifariki mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1968 klabu ya kandanda ikachukua jina lake.