Lawrence wa Arabuni: mauti yake yaliwavisha wengine kofia

Wengi wetu tulimjua Lawrence wa Arabuni kwa ile sinema ya mwaka 1962, alimocheza Omar Sharif wa Misri. Ngamia, jangwa na kanzu nyeupe ndivyo vilivyotukaa kichwani. Walakini kisa cha mwisho cha mtu huyu hakikuwa cha ngamia. Kilikuwa cha pikipiki, na kwa sisi wakazi wa Kwale kina faida kuliko kile cha vita.

Thomas Edward Lawrence alizaliwa tarehe 16 Agosti 1888 huko Tremadog, katika nchi ya Wales. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na angali mwanafunzi alizunguka Sham kwa miguu mwaka 1909, akizitazama ngome kongwe. Toka 1911 hadi 1914 alikuwa Karkemish, penye mto Furati, akichimbua mji wa kale. Huko ndiko alikokizoea Kiarabu na kuwazoea wenyewe.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Waingereza walimpeleka Kairo katika idara ya upelelezi. Juni 1916 Sharifu Hussein wa Makka aliinuka dhidi ya dola ya Uthmaniya, na mwezi wa Oktoba Lawrence akaingia Hijazi, akawa mshauri wa Amiri Faisal, mwana wa Sharifu. Alivaa kanzu na kilemba, akalala walipolala mabedui, akashiriki kuilipua reli ya Hijazi. Julai 1917, pamoja na Auda Abu Tayi, shekhe wa Huweitat, waliutwaa mji wa Aqaba kwa kutokea nyuma, upande wa jangwani, ambako Waturuki hawakutazamia adui. Oktoba 1918 walikuwa Damaski.

Vita hivyo havikuwa mbali nasi. Huku kwetu naye Arthur Wavell, Mwingereza aliyewahi kuingia Makka kwa kujibadilisha, aliongoza kikosi cha Waarabu kupigana na Wajerumani upande wa Gazi, naye akauawa Mwele mapema mwaka 1916.

Hapa ndipo penye donda la Waarabu. Sharifu aliahidiwa dola huru, na huku, mwaka 1916, Uingereza na Ufaransa zimekwisha kugawana Sham na Iraki kwa siri katika mkataba wa Sykes na Picot. Mwaka 1917 likafuata tangazo la Balfour juu ya Palestina. Lawrence alijua mapema kuwa ahadi aliyoibeba ina tundu, na akaendelea kuibeba. Kwa hiyo wako wamwitao rafiki wa Waarabu, na wako wamwitao mjumbe wa mkoloni; na kila upande una hoja yake.

Yeye mwenyewe sifa zilimwelemea. Mwaka 1922, baada ya kuwa kanali, aliingia jeshi la anga kama askari wa kawaida kwa jina la Ross, kisha akajiita Shaw. Starehe yake kubwa ikawa pikipiki. Alimiliki saba za aina ya Brough Superior, moja baada ya nyingine, na ya nane alikwisha kuiagiza. Zilikuwa pikipiki za mbio kupita zote za zama zake.

Alitoka jeshini Februari 1935. Haikutimia miezi mitatu. Tarehe 13 Mei, akirejea nyumbani kwake Clouds Hill kutoka kambi ya Bovington, alikutana na wavulana wawili juu ya baiskeli. Akawakwepa, akarushwa, akaangukia kichwa. Kichwani hakuwa na kofia ngumu, wala sheria ya nchi haikumtaka aivae. Alilala siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19 Mei, ana umri wa miaka 46.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kitandani pake alikuwapo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Hakuweza kumwokoa, lakini kifo kile hakikumtoka moyoni. Vita vya Pili vilipokuja alihesabu akakuta kwamba katika miezi 21 ya kwanza waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani Uingereza. Mwaka 1941 aliandika kwamba waliovaa kofia ngumu, ambao hadi hapo alikuwa amewaona saba tu, waliumia wote lakini hakufa hata mmoja. Novemba mwaka huo jeshi likalazimisha kofia kwa kila mpanda pikipiki aliye kazini, na mwaka 1946 Cairns akaonyesha jinsi vifo vilivyopungua tangu amri ile. Alifariki mwaka 1952. Sheria ya raia wote wa Uingereza ilipita mwaka 1973, miaka 21 baada ya yeye kuzikwa.

Sasa tutazame njia yetu ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Tangu serikali ya Kenya ipunguze kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimekuwa riziki ya vijana wengi, toka Kombani na Ukunda hadi Msambweni. Sheria ya mwaka 2012 yataka kofia kwa dereva na kwa abiria pia. Lakini kofia nyingi huning'inia kwenye usukani, zikavaliwa panapoonekana polisi mbele na kuvuliwa akishapitwa. Wengine husingizia joto, wengine jasho la aliyeivaa kabla yao, na wengine hujikinga kwa methali kuwa ajali haina kinga.

Methali ni ya kweli, ila tumeitumia pasipo mahali pake. Ajali ya Lawrence haikuwa na kinga, kwa kuwa wale watoto walitokea ghafla. Kichwa chake ndicho kilichoweza kukingwa. Na polisi hawezi kusimama kila kona. Anayepanda pikipiki Ukunda aende Diani, bibi mwenye buibui au mtoto wa skuli, ana haki ya kuulizia kofia yake kabla ya kuulizia nauli.