Wengi wape, wachache je?

Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 60, wavulana 40 na wasichana 20. Tulichagua viranja watatu, kila mwanafunzi akiteua watatu, na wote walioshinda wakawa wavulana. Niliwaambia wasichana kwamba wahenga walishanena, wengi wape. Mmoja wao akauliza kwa nini basi walisumbuliwa kupiga kura. Sikuwa na jibu. Jibu nimelipata katika maisha ya mwalimu aliyefariki mwaka 1910, Catherine Helen Spence wa Australia.

Spence alizaliwa Melrose, Uskoti, mwaka 1825. Baba yake alipofilisika, jamaa nzima ilihamia koloni changa la South Australia mwaka 1839, binti akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka uliofuata mji wa Adelaide ulichagua baraza lake la kwanza, na baba yake akawa karani wa mji. Katika uchaguzi huo, wapiga kura waliotimiza idadi iliyowekwa waliruhusiwa kuungana na kumteua mjumbe wao, hata kama wengine hawakumtaka. Mbegu hiyo ilikuja kuota baadaye.

Spence alifundisha watoto majumbani, akafungua shule, akaandika riwaya na makala za magazeti. Hakuolewa, lakini alilea mayatima wa familia tatu. Mwaka 1859 alisoma makala ya John Stuart Mill kuhusu mpango wa uchaguzi uliobuniwa na mwanasheria Mwingereza, Thomas Hare, na tangu siku hiyo hakutulia. Mwaka 1861 alichapisha kijitabu cha kuutetea, ilhali yeye mwenyewe, kwa kuwa mwanamke, hakuwa na haki ya kupiga kura.

Mpango wenyewe si mgumu. Turudi kwenye darasa langu. Kila mwanafunzi ana kura moja tu, lakini huwapanga wagombea apendavyo kwa kuandika 1, 2, 3. Apataye kura 20 amechaguliwa. Kura zinazomzidi huhamia kwa waliowekwa nafasi ya pili. Na mgombea wa mwisho akiondolewa, kura zake nazo huhamishwa vivyo hivyo. Wavulana wakipigia wavulana na wasichana wasichana, wavulana watapata viranja wawili na wasichana mmoja. Wengi wamepewa, wala wachache hawakunyimwa.

Spence aliueneza mpango huu kwa mbinu za kialimu. Mikutanoni aligawa karatasi za kura, wasikilizaji wakapiga, matokeo yakaonekana. Mwaka 1880 alitoa kitabu cha kuwafunza watoto wa shule sheria za nchi yao. Mwaka 1893, akiwa na miaka 67, alikwenda kuhutubu Chicago.

Mwishoni mwa 1894 wanawake wa South Australia walipata haki ya kupiga kura na ya kugombea. Mwaka 1897 Spence akawania ujumbe katika mkutano wa kuandaa katiba ya shirikisho, akiwa mwanamke wa kwanza Australia kugombea wadhifa wa kisiasa. Viti vilikuwa 10, na kura zilipigwa kwa utaratibu ule ule alioupinga. Akawa wa 22 kati ya wagombea 33.

Hata hivyo hakushindwa. Mwaka huo huo kisiwa cha Tasmania, kwa juhudi za Andrew Inglis Clark, kiliujaribu mpango wa Hare katika miji ya Hobart na Launceston. Mwaka 1909 ulitumiwa kisiwani kote kuchagua bunge la jimbo, naye Spence akafariki mwaka mmoja baadaye. Tasmania haijauacha: katika uchaguzi wa 2024 ilichagua wabunge 35 kwa njia hiyo, saba kutoka kila moja ya sehemu tano za kisiwa.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 ilitenga viti vichache vya orodha za vyama vigawiwe kwa uwiano. Lakini katika majimbo ya ubunge kiti humwendea aliyetangulia, hata akipata chini ya nusu ya kura. Mjadala huo ni mpana, nami nawaachia wabunge.

Ninayoyaweza mimi ni ya darasani. Uchaguzi ujao wa viranja tutaandika 1, 2, 3. Walimu wenzangu, jaribuni nanyi, kisha muwaulize wanafunzi wenu ni njia ipi iliyowatendea haki.