John Peter Altgeld

John Peter Altgeld (30 Desemba 1847 – 12 Machi 1902) alikuwa mwanasheria, jaji na mwanasiasa wa Marekani wa chama cha Democratic. Alikuwa gavana wa jimbo la Illinois kuanzia mwaka 1893 hadi 1897. Anakumbukwa hasa kwa kuwasamehe wafungwa watatu wa kesi ya Haymarket.

Maisha ya awali

Alizaliwa Nieder Selters, Ujerumani, akapelekwa Ohio akiwa mtoto mchanga. Wazazi wake walikuwa watu maskini. Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye alifanya kazi ya ualimu, akasomea sheria huko Missouri, na mwaka 1875 akahamia Chicago, ambako alitajirika kwa biashara ya viwanja na majengo. Mwaka 1884 alitoa kitabu kilichoonyesha jinsi mfumo wa adhabu ulivyowaonea maskini. Alikuwa jaji kuanzia 1886 hadi 1891.

Kesi ya Haymarket

Tarehe 4 Mei 1886, wakati wafanyakazi wa Chicago walipokuwa wakidai siku ya kazi ya saa nane, bomu lilirushwa kwa polisi waliokuja kutawanya mkutano wao. Polisi saba walikufa. Aliyelirusha hakujulikana kamwe, lakini wanaharakati wanane walitiwa hatiani. Wanne walinyongwa mwaka 1887 na mmoja alikufa katika chumba chake gerezani. Sikukuu ya Mei Mosi, inayoadhimishwa pia Tanzania na Kenya, ina asili yake katika harakati hizo za saa nane.

Altgeld alipokuwa gavana, wafungwa watatu walikuwa bado hai: Samuel Fielden, Michael Schwab na Oscar Neebe. Angeweza kuwaachilia kimya kimya, kwa kusema tu kwamba wameteseka vya kutosha. Hata baadhi ya matajiri wa Chicago wangeridhika. Badala yake, tarehe 26 Juni 1893 alitoa maelezo marefu yaliyoonyesha kwamba wajumbe wa juri walichaguliwa kwa hila, jaji Joseph Gary alikuwa na upendeleo, na ushahidi haukuwaunganisha washtakiwa na bomu. Magazeti mengi yalimshambulia vikali.

Siasa za baadaye

Alimteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, akisimamia sheria mpya dhidi ya ajira ya watoto. Mwaka 1894, katika mgomo wa Pullman, alimpinga Rais Grover Cleveland, wa chama chake mwenyewe, kwa kutuma askari Chicago bila jimbo kuomba. Miaka miwili baadaye alisaidia kukitoa chama mikononi mwa Cleveland, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kugombea urais kwa sababu alizaliwa nje ya nchi. Mwaka huohuo wa 1896 alishindwa kutetea ugavana.

Mali yake karibu yote ilipotea. Alirudi kwenye uwakili pamoja na Clarence Darrow, akafariki mjini Joliet muda mfupi baada ya kuhutubia mkutano wa kuwaunga mkono Makaburu waliokuwa wakipigana na Waingereza.