Sewa Haji, tajiri aliyegeuka kuwa wodi

Mara ya kwanza kusikia jina Sewahaji nilidhani ni mtaa. Shangazi yangu anayeishi Dar es Salaam alituma ujumbe kwenye kundi la familia kuwa mumewe amelazwa Sewahaji, kwa hivyo kila mtu atume alichonacho. Nikauliza, huko ni upande gani wa jiji? Kundi zima likanicheka. Kumbe ni jengo la wodi katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Lakini nilipouliza kwa nini linaitwa hivyo, hakuna aliyejibu. Hapo ndipo nikaanza kumtafuta huyu mzee.

Sewa Haji Paroo alizaliwa 1851 katika familia ya Wahindi wa Ismailia waliotoka Kutch na kuhamia pwani yetu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Zanzibar na Bagamoyo, na Sewa aliingia dukani akiwa bado kijana wa rika letu. Hakuenda chuo. (Wale mnaoniuliza kila Krismasi nitarudi chuo lini, mnaona?)

Bagamoyo wakati huo ndiyo ilikuwa mlango wa bara. Ukitaka kwenda Tabora au Ujiji ulianzia hapo, na hapo ulihitaji mtu wa kukutayarishia safari: marobota ya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti, na zaidi ya yote wapagazi. Sewa Haji alikuwa na vyote. Hata Henry Morton Stanley, yule mpelelezi maarufu, alipitia kwake kupata watu na bidhaa. Misafara iliporudi na pembe za ndovu, Sewa Haji alikuwa anangoja ufuoni.

Kwa Wakenya kuna kiungo kingine. Kuna kijana aliyetoka India akaanza kazi kama msaidizi katika biashara ya Sewa Haji, halafu akafungua maduka yake mwenyewe hadi Uganda. Jina lake Allidina Visram. Ndiyo, yule wa shule ya Mombasa. Kwa hivyo ukipita langoni pale Allidina, jua kwamba mwenye jina alijifunza kazi Bagamoyo.

Sasa, nisimpake asali. Utajiri huo ulibebwa kichwani na mabegani. Mpagazi mmoja alitembea na mzigo wa kama kilo 30, miezi mingi, kwenda na kurudi. Wengine waliugua ndui, kuhara au homa, wengine wakafia njiani. Aliyefika pwani akiwa mgonjwa, bila ndugu, angelala wapi? Matajiri wengi wa biashara hiyo hawakujisumbua na swali hilo. Sewa Haji alijisumbua. Kama ni huruma au deni lilimkera moyoni, mimi siwezi kuingia kichwani mwake, ila naona ni deni zaidi. Na sioni ubaya. Deni likilipwa, mgonjwa anapata kitanda.

Wajerumani walipochukua nchi ile, hakukimbia wala hakufunga duka. Mwaka 1892 aliwakabidhi jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Fikiria kumpa mkoloni zawadi kisha ukampa na masharti! Bagamoyo pia alitoa jengo la hospitali. Halafu akatoa pesa za kujenga hospitali Dar es Salaam, mji ambao Wajerumani walikuwa wameufanya makao yao makuu.

Hii ya Dar ndiyo inayonigusa. Miaka hiyohiyo serikali ya Wajerumani ilikuwa inajenga hospitali nzuri kando ya bahari kwa ajili ya Wazungu, ile ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwafrika na Mhindi hawakuwa na nafasi humo. Nafasi yao ilikuwa Hospitali ya Sewa Haji. Yaani serikali ilikuwa na bahari, na mwenye duka ndiye aliyewafikiria walio wengi.

Alifariki Februari 1897, hajafikisha hata miaka 50. Katika wosia wake aliacha mali ya Bagamoyo na Dar mikononi mwa serikali, mapato yake yasaidie wagonjwa na watu wenye ukoma. Hakungoja kuona wodi zikijaa.

Waingereza wakaja, wakaiendesha hospitali hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1956 wakafungua kubwa zaidi, wakaiita jina la binti wa mfalme wao, Margaret. Baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jina la Margaret likaondolewa, ila la mwenye duka wa Bagamoyo likabaki kwenye jengo moja.

Mume wa shangazi alitoka baada ya wiki tatu, anatembea polepole lakini anatembea. Tulichanga kwa M-Pesa hadi bili ikaisha. Nilipompigia simu nikamsimulia habari za pembe, wapagazi na wosia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huyo mzee aliacha watoto, maana angependa kuwasalimia.